Elimu ya Mashine na Dhamana ya Mtu

Kujifunza ni neno ambalo tangu kale lilikuwa mali ya viumbe wenye uhai. Mtoto hujifunza kwenda na kusema. Mwanafunzi hujifunza hesabu. Baharia chipukizi hujifunza tabia za upepo. Hata punda wa gari hujifunza njia ya kurudi kwao. Katika zama zetu neno hili limepata mshirika mpya. Husemwa kwamba mashine nayo hujifunza, na wasemao hivyo ni wataalamu wenye kuijua kazi yao. Msomaji mwenye hadhari ana haki ya kuuliza maswali mawili. La kwanza ni la maarifa: mashine hujifunza namna gani? La pili ni la maadili: je, kile ilichojifunza chatosha kuipa haki ya kuhukumu mambo ya watu? Maswali haya hayatengani. Asiyelijua jibu la kwanza hawezi kulijibu la pili ila kwa hofu au kwa ushabiki, na vyote viwili ni washauri wabaya.

Kwa desturi kompyuta hutenda lile tu iliyoamriwa. Mtu huandika kanuni, na mashine huzifuata moja baada ya moja bila ya kuchoka. Njia hii ni njema kwa kila jambo ambalo kanuni yake yajulikana, kama kujumlisha mishahara au kutoza ushuru. Lakini yako mambo mengi tuyajuayo ambayo hatuwezi kuyaandikia kanuni. Mama huitambua sauti ya mwanawe katikati ya kelele za soko. Akiulizwa ameitambuaje, hana la kusema ila kwamba ameitambua. Mnunuzi wa karafuu hutia mkono ndani ya gunia akajua kama zimekauka. Ujuzi wa namna hii haukuingia kwa kanuni. Uliingia kwa mifano mingi iliyorudiwa mpaka ikawa tabia. Watu waliobuni mashine zenye kujifunza waliiga njia hiyo: badala ya kuipa mashine kanuni na kuitaka majibu, waliipa mifano pamoja na majibu yake, wakaiacha itafute kanuni yenyewe.

Umri wa jambo hili ni mkubwa kuliko wengi wadhanivyo. Mwaka 1958 Mmarekani Frank Rosenblatt alitangaza mashine ambayo, baada ya majaribio yapatayo 50, iliweza kutofautisha kadi zilizotiwa alama upande wa kushoto na zilizotiwa alama upande wa kulia, bila ya kuambiwa kushoto ni nini wala kulia ni nini. Mwaka 1959 Mmarekani mwenzake, Arthur Samuel, alichapisha uchunguzi wa programu iliyojifunza kucheza dama kwa kucheza yenyewe kwa yenyewe mara nyingi, na katika uchunguzi huo alilitumia jina ambalo fani yote inaitwa leo, yaani kujifunza kwa mashine. Dama si mgeni Unguja. Apitaye penye baraza za Mji Mkongwe wakati wa alasiri huwaona wazee na vijana wameinamia ubao, naye hujua kwamba bingwa wa baraza hakupata ubingwa kwa kusoma kanuni. Kanuni za dama hujulikana kwa siku moja. Ubingwa huja kwa kushindwa mara nyingi na kukumbuka mahali pa kushindwa. Programu ya Samuel ilipita njia hiyo hiyo, ila haikuona haya iliposhindwa wala haikuona fahari iliposhinda. Tofauti hii yaonekana ndogo, lakini ndiyo tutakayoirudia mwishoni.

Tuchukue sasa mfano ulio karibu nasi. Mwaka 2016 Zanzibar ilianza mpango mkubwa wa kuchora ramani zake upya. Ndege ndogo zisizo na rubani zilirushwa juu ya Unguja na Pemba kupiga picha za ardhi, na miongoni mwa walioshiriki walikuwamo Kamisheni ya Ardhi, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na Benki ya Dunia. Picha hizo ni kali hata kitone kimoja cha picha kimewakilisha kipande cha ardhi chenye upana wa sentimita chache tu. Haja ya kazi hiyo ilikuwa ya kweli. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,303,569 Zanzibar. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,889,773. Ongezeko la karibu laki sita kwa miaka kumi ni ongezeko la nyumba vilevile, na ramani ya nchi ijengwayo kwa kasi hiyo huzeeka kabla ya wino wake kukauka. Mwaka 2018 yalifanyika mashindano ya kimataifa juu ya picha hizo. Washindani walipewa picha za ardhi pamoja na nyumba zilizokwisha kuchorwa na kutajwa na watu, wakatakiwa waifundishe kompyuta kuitambua kila nyumba na kuitia katika fungu moja kati ya matatu: nyumba iliyokamilika, nyumba isiyokamilika, na msingi.

Mashine hufanyaje kazi hiyo? Kwanza yapasa kujua kwamba haioni nyumba. Kwake picha ni hesabu tupu: kila kitone kina namba tatu, moja ya wekundu, moja ya kijani na moja ya buluu. Kutokana na namba hizo hutafutwa dalili, na kila dalili hupewa uzito. Tuseme, kwa mfano mwepesi kuliko hali yenyewe, kwamba dalili ni tatu: mng'ao wa bati uzito wake 2, kivuli cha kuta uzito wake 1, na majani yaliyoota ndani ya kuta yanayopunguza 3. Tuseme pia kwamba jumla ikifika 2 mashine hutamka kuwa nyumba imekamilika. Nyumba yenye bati na kivuli hupata 3, nayo hutamkwa kamili. Kuta zisizo paa zenye majani ndani hupata hasi 2, nazo hutamkwa si kamili. Mpaka hapa mashine imesema kweli.

Sasa ije nyumba ya makuti. Haina bati, ina kivuli tu, jumla yake ni 1. Mashine yatamka kwamba haikukamilika, lakini mtu aliyeichora ameandika kwamba imekamilika. Umbali baina ya jibu la mashine na jibu la mtu ndio unaoitwa kosa. Kosa likionekana, uzito husogezwa kidogo upande utakaolipunguza: uzito wa kivuli hutoka 1 ukawa 1 na nusu, na baada ya mifano mingine ukawa 2. Nyumba ya makuti sasa yatambuliwa. Ila tatizo jipya limezaliwa, maana kuta mpya zisizo paa, ambazo majani hayajaota ndani yake, nazo zina kivuli, nazo sasa zatamkwa kuwa nyumba kamili! Kwa hiyo dalili tatu hazitoshi. Zatakiwa nyingi zaidi. Mashine za leo zina mamilioni ya uzito wa namna hii uliopangwa tabaka juu ya tabaka, na dalili hazichaguliwi na mtu. Huchaguliwa na marekebisho yenyewe. Lakini msingi wa kazi haukubadilika: kukisia, kupima kosa, kurekebisha kidogo, kurudia. Asiyeijua hesabu zaidi ya hapo ameshashika shina la elimu hii.

Liko jambo jingine ambalo kila mwalimu wa chuo cha Kurani analijua. Yuko mtoto aliyehifadhi, na yuko mtoto aliyekariri kurasa. Huyu wa pili, ukimwanzisha juu ya ukurasa atakwenda mbio kama maji. Ukimwanzisha katikati ya aya atanyamaza. Mashine nayo hupatwa na ugonjwa huo. Ikipewa mifano michache na uzito mwingi, hukariri kila mfano pamoja na ila zake, isijifunze lililo la jumla. Kwa sababu hiyo mifano hugawanywa mafungu mawili: fungu la mafunzo, ambalo mashine huliona, na fungu la mtihani, ambalo hufichwa mpaka mwisho. Mtihani ambao maswali yake yamekwisha kuonwa si mtihani. Na hata matokeo ya mtihani wa haki yapasa kusomwa kwa akili. Kama katika nyumba 100 nyumba 90 ni kamili, mashine itamkayo neno "kamili" kwa kila nyumba, bila ya kutazama chochote, itapata 90 katika 100. Wenye haraka wataisifu, hali haijui kitu.

Hapa maarifa yanaanza kugusana na maadili. Mashine haina nyumba kichwani. Ina mifano iliyopewa. Kama mifano yote ilichukuliwa mjini, nyumba ya makuti ya Makunduchi itakuwa kwake ni kitu kigeni. Kama haikuonyeshwa vya kutosha nyumba za Mji Mkongwe, ambazo zimesongamana kuta kwa kuta na vichochoro vyake vimezama katika kivuli, itaona paa moja penye nyumba nne. Mashine haikumkusudia mtu ubaya. Imeurithi upungufu wa mifano, na upungufu huo ukaingia katika ramani ukiwa umevaa joho la hesabu. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Na mashine ni mtoto asiyeweza kutoka nje ya nyumba ya mlezi wake akaona ya majirani.

Wanafunzi wa Kiswahili hawana haja ya kwenda mbali kulielewa jambo hili. Mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika Mombasa, Kiunguja cha mjini kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kukisimamia. Uchaguzi huo ulileta faida ambayo sisi sote twaila. Lakini tangu siku hiyo mtoto wa Makunduchi au wa Tumbatu, aandikapo kama mama yake asemavyo, hutiwa alama ya kosa, ingawa lugha ya mama yake ilikuwako kisiwani kabla ya kamati. Palipochaguliwa mfano ndipo pia palipochaguliwa kosa. Mashine zifundishwazo Kiswahili leo kwa maandishi mengi hurithi uchaguzi ule ule, kwa kuwa kilichoandikwa zaidi ndicho zinachokiona zaidi.

Majina ya mahali yanatufunza vilevile. Mtaa mkubwa ulio mashariki ya Mji Mkongwe huitwa Ng'ambo. Ng'ambo ya nini? Ng'ambo ya hori lililotenga mji wa mawe na upande ule. Na ni dhahiri kwamba jina hilo lilitolewa na mtu aliyesimama upande huu. Kwa mkazi wa Ng'ambo, ng'ambo ilikuwa ni mjini. Mwaka 1923 H. V. Lanchester alitoa taarifa yake juu ya mpango wa mji wa Zanzibar, na baada yake zikafuata ramani na mipango mingine, ya mwaka 1958, ya 1968 na ya 1982. Kila mpango ulikuwa na njia yake ya kuzigawa na kuzitaja nyumba za watu, na majina ya namna hiyo katika ramani ya serikali huweza kuamua kodi, idhini ya kujenga, na hata nyumba ibaki au ivunjwe. Hori lenyewe limekwisha kufukiwa, wala Darajani leo hakuna daraja. Jina limedumu na jambo limepita. Mashine iliyofundishwa kwa picha za mwaka mmoja nayo itaendelea kutamka majina ya mwaka huo mpaka mtu aifundishe upya.

Turudi kwenye mafungu matatu ya mashindano, tuulize: nyumba iliyokamilika ni ipi? Unguja mtu hujenga kwa kadiri ya mfuko wake. Mwaka huu msingi; mwaka ujao kuta; paa huja siku ndugu aliyeko Maskati anapotuma fedha. Vyumba viwili vikipata bati, mke na watoto huhamia, na vyumba vingine hukaa wazi miaka mingi na nondo zikielekea mbinguni. Muulize mwashi, atasema nyumba haikwisha. Mwulize mwenye nyumba, atasema, "Nakaa kwangu." Muulize mtoza kodi, jibu lake litategemea amekuja kwa kazi gani. Majibu haya matatu hayakutofautiana kwa ujinga. Yametofautiana kwa sababu neno "kamilika" lina ndani yake kusudi la mwenye kulitamka. Mashine haina kusudi. Ina jina lililoandikwa na kijana aliyekaa mbele ya kioo cha kompyuta akachora mstari kuzunguka paa, tena labda jioni, macho yamechoka. Hukumu ya kijana huyo ndiyo inayozidishwa mara elfu na kuitwa hukumu ya mashine.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Ndege iliyo angani haifungui. Tena ipo adabu ya pwani ambayo mtoto hufundishwa kabla ya kusoma: haingiwi kwa mtu bila ya hodi. Hodi ni kukiri kwamba ndani yuko mtu mwenye haki ya kujibu, au ya kutojibu. Nyumba iliyotazamwa kutoka juu na kutiwa katika fungu imetazamwa bila ya hodi. Sisemi kwamba ramani isichorwe. Nasema kwamba palipokosekana hodi wakati wa kutazama, hapana budi ipatikane kabla ya kuhukumu.

Mpinzani atasema, na hoja yake si dhaifu, kwamba mtu naye hujifunza kwa mifano, naye hukosea. Afisa wa ardhi huchoka. Sheha aweza kumpendelea jamaa yake. Mtu mwenye chuki huona kibanda penye nyumba ya adui. Mashine haina jamaa wala adui. Mbona basi tusiipe hukumu, maadamu makosa yake yakihesabiwa ni machache kuliko yetu? David Hume, mwanafalsafa wa Uskoti wa karne ya 18, alikwisha kuonyesha kwamba kutoka katika tuliyoyaona hatuwezi kupata yakini ya tusiyoyaona. Sisi na mashine tumo katika jahazi moja.

Hoja hii ina kweli nyingi, na katika kutambua tu naikubali. Pale panapotakiwa kuhesabu mapaa ya kisiwa kizima, au kuonyesha ni wapi nyumba zimeota bondeni penye hatari ya mafuriko, mashine hufanya kwa saa kazi ya miezi, na kuikataa ni kuwanyima watu faida. Lakini kutoka kutambua mpaka kuhukumu pana hatua ambayo hoja hii imeiruka. Makosa ya watu wengi hutofautiana, na mmoja hulisahihisha la mwenziwe. Kosa la mashine moja hurudiwa kwa sura ile ile katika kila nyumba ya namna ile, kutoka Nungwi mpaka Kizimkazi. Na lililo kubwa zaidi ni maana ya kosa lenyewe. Kwa mashine kosa ni umbali baina ya namba mbili, na mwisho wake ni kupunguzwa. Kwa mtu aliyeandikwa kwamba nyumba yake ni msingi mtupu, akakosa fidia ya ukuta alioujenga kwa miaka sita, kosa ni dhuluma, na mwisho wake ni haki kurudishwa. Nyumba 5 zilizokosewa katika 100 ni sifa kwa mwenye mashine. Kwa wenye nyumba ni jamaa tano. Sheha aliyependelea aweza kuitwa, kuulizwa, kuaibika na kuondolewa. Shahidi mbele ya kadhi huulizwa ameona nini na alisimama wapi. Mashine haiitiki wito. Hujifunza kutokana na kosa, lakini haijuti. Na asiyeweza kujuta hawezi kubeba dhamana.

Basi dhamana haikupotea. Imebaki mikononi mwa watu, na yatupasa tuione iko mikononi mwa nani. Iko kwa mwenye kuandika majina juu ya mifano, kwa kuwa yeye ndiye mwalimu wa kweli, ingawa hulipwa ujira mdogo kuliko wote na jina lake halitajwi. Iko kwa mwenye kuunda mashine, ambaye ni lazima aseme wazi mifano ilitoka mahali gani na mwaka gani, na ni nyumba za namna gani ambazo hazikuwamo. Iko zaidi kwa mwenye mamlaka ya kuitumia, ambaye asijifiche nyuma yake na kusema, "Mashine imesema." Maneno hayo yakitamkwa mlangoni pa mtu ambaye nyumba yake itaguswa, yana maana moja tu: kwamba msemaji ameamua na hataki kuulizwa.

Kwa wanafunzi wa vyuo vyetu, ambao baadhi yao watazifundisha mashine hizi na wengine watazitegemea, neno la mwisho ni hili. Jifunzeni hesabu zake bila ya woga, kwani si uchawi: ni kukisia, kupima, kurekebisha na kurudia. Kisha, mashine ikishamaliza kazi yake na ramani ikajaa rangi, chukueni ramani hiyo mwende nayo mpaka shehiani, msimame mlangoni kabla ya hukumu kuandikwa, mpige hodi, na msubiri kujibiwa.